Ndiva kwanza, wingu baadaye

Kuna namba tatu ambazo kila aliyesomea usimamizi wa mitandao ya ofisi anazijua, au angalau alizikariri usiku wa kuamkia mtihani. Dakika 90: huo ndio muda ambao kompyuta ya Windows iliyoungwa kwenye domeini husubiri kabla ya kurudi kwa seva kuuliza kama kuna amri mpya, ukiongeza dakika chache za kubahatisha, zisizozidi 30, ili zote zisiende kuuliza kwa mpigo. Saa 8: muda ambao kwa kawaida kompyuta inayosimamiwa na Intune, huduma ya Microsoft iliyoko kwenye wingu, hukaa kabla ya kuripoti tena. Siku 14: muda ambao mpango wa Uingereza uitwao Cyber Essentials humpa mwenye ofisi awe ameziba matundu yote ya hatari tangu kiraka kitolewe.

Sasa zitazame vizuri. Namba hizi hazizungumzii usalama peke yake. Zinasema pia zilitungiwa wapi: mahali ambapo umeme unakuwepo, laini haina foleni, na mashine haizimwi wiki tatu kwa sababu karani kaenda msibani na ufunguo wa ofisi kaenda nao. Ni namba za watu waliojenga kando ya mto usiokauka.

Same siyo hapo. Na hoja yangu leo ni kwamba mfumo wa kusimamia kompyuta zote kutoka sehemu moja, kama unavyofundishwa na unavyouzwa kwetu, ni sahihi kwa lengo na umekosea kwa umbo. Tukiuchukua kama ulivyo utatushinda. Tukiukataa tutaibiwa. (Najua blogu hii tumezoea kusifia teknolojia aya kumi halafu mwishoni tunabandika kichwa "Changamoto". Leo changamoto zinaanza.)

Ili tusizungumze hewani, tutunge chama cha akiba na mikopo, tusikipe jina. Kina kompyuta 40. Kumi na nane ziko ofisi kuu Same mjini, tisa ziko Hedaru kando ya barabara kuu, nane ziko Ndungu upande wa pili wa milima kwenye mpunga, na tano ziko Mamba Miamba, kwa wakulima wa tangawizi. Ndani ya kompyuta hizo kuna majina ya wanachama, namba za NIDA, namba za simu zinazopokea mikopo, na daftari la nani anadaiwa nini. Mkulima wa tangawizi hajali Windows ni toleo gani. Anachojali ni kwamba akiba yake isomeke kesho kama ilivyosomeka leo. Na tangu Mei 2023, ilipoanza kutumika Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, kuzilinda taarifa hizo siyo hisani tena.

Kusimamia kwa pamoja maana yake nini kwa chama kama hiki? Maana yake mtu mmoja, akiwa amekaa Same, anaweza kujua kompyuta ngapi zipo, zina programu gani, ipi haijabandikwa kiraka, nani ana haki ya kuingiza programu mpya. Na anaweza kutoa amri moja, kwa mfano "flashi isifungue programu yoyote yenyewe", ikashika kwenye zote 40 bila yeye kupanda gari. Kwa kawaida seva haiendi kuzisukuma kompyuta. Kila kompyuta ndiyo inayokwenda kuvuta amri ikipata nafasi. Shikilia hilo la kuvuta, tutalirudia.

Je, chama kidogo namna hii kinahitaji yote hayo? Ndiyo. Ushahidi mzuri kuliko wote umetoka kwa watu wenye hela kutuzidi mbali. Tarehe 14 Machi 2017 Microsoft walitoa kiraka cha tundu moja baya katika namna Windows zinavyogawana mafaili kwenye mtandao. Tarehe 12 Mei, karibu miezi miwili baadaye, WannaCry ikapita kwenye tundu hilohilo, ikafunga mafaili ya watu na kudai fidia. Kwenye huduma ya afya ya Uingereza, angalau taasisi 80 za hospitali kati ya 236 ziliathirika, wagonjwa wakarudishwa nyumbani. Na siyo kwamba hawakuonywa. Makao makuu ya TEHAMA ya afya yalituma tahadhari Machi na tena Aprili: jamani, bandikeni kiraka. Wakaguzi wa serikali walipochunguza baadaye wakakuta kwamba wizara haikuwa na njia rasmi ya kujua nani ametii na nani hajatii.

Barua haibandiki kiraka. Ndiyo maana ninapoona taasisi inajibu suala la usalama kwa waraka wenye muhuri, "wakuu wa matawi wahakikishe kompyuta zote zinasasishwa", najua hakuna aliyehakikisha chochote. Mkuu wa tawi la Ndungu atahakikisha vipi? Atazame kioo?

Kuna jamaa watasema: sisi tuko salama kwa sababu intaneti yenyewe hatuna ya maana. Hiki ni kisingizio nilichokisikia mara nyingi mno, na WannaCry ndiyo inayokivunja. Programu ile kabla ya kuanza kazi ilikuwa inajaribu kufikia anwani moja ya ajabu kwenye intaneti. Ikiifikia, inanyamaza. Kijana wa Kiingereza, Marcus Hutchins, aliisajili anwani hiyo na maambukizi mengi duniani yakasimama. Lakini mashine iliyokuwa kwenye mtandao wa ndani usiofika nje haikuweza kuiona anwani hiyo, kwa hiyo kirusi kikiingia humo kiliendelea kama kawaida. Aliyejitenga hakupata kinga. Alikosa dawa.

Na kirusi kinaingiaje mahali pasipo na intaneti? Kinapanda flashi. Wino umeisha ofisini, karani anakimbia steshenari kuchapisha fomu, flashi inachomekwa kwenye kompyuta ambayo siku hiyo imeshapokea flashi za wanafunzi, wachungaji na wapiga picha za harusi, kisha inarudi ofisini ikiwa na mafaili yaliyogeuka shotikati. Nani hajawahi kuiona hiyo?

Njia tuliyonayo sasa hivi, tuseme ukweli, ni fundi. Fundi anaitwa mashine ikishaharibika. Anakuja na flashi yake (tena flashi), anaingiza Windows ya kraki, na ili kraki ipite jambo la kwanza ni kuzima antivairasi. Akiondoka, kompyuta inafanya kazi vizuri, watu wanafurahi. Ila hakuna anayejua kilichoingizwa. Paswedi ya admini ni ileile kwenye kila mashine aliyoigusa, kuanzia ofisi ya chama hadi duka la pembejeo. Mara nyingine kaweka Windows Home, ambayo haikubali kuungwa kwenye domeini hata ukiibembeleza. Simlaumu fundi, analipwa kwa mashine kuwaka na mashine imewaka. Ninachokataa ni kuita hali hii "kujitegemea", kana kwamba ni mbadala wa heshima kwa mfumo wa wakubwa. Ni kompyuta 40 zisizo na mwenyewe.

Kwa hiyo kituo kimoja kinahitajika. Sasa tuje kwenye umbo.

Kiraka cha mwezi cha Windows kina mamia ya megabaiti. Tuchukue nusu gigabaiti, tuhesabu kirahisi. Ofisi kuu Same ina mashine 18. Mfumo wa wingu, ukiuacha hivihivi bila kuugusa kitu, unaweza kuishia na kila mashine kujishushia ya kwake: gigabaiti 9. Laini ikitoa megabiti 2 kwa sekunde za kweli, siyo zile za kwenye tangazo, hizo ni saa 10 za kushusha mfululizo bila mtu kufungua hata barua pepe. Kikishushwa mara moja tu kikagawiwa ndani, ni dakika 33 hivi. Panda Mamba, ambako siku nyingine utashukuru ukipata nusu megabiti: mashine tano zikijishushia zenyewe ni saa 11, yaani zaidi ya siku nzima ya kazi. Mara moja tu ni saa 2 na robo. Hiyo inaisha usiku, watu wamelala.

Hapa ndipo ninapowashangaa wenzangu wa TEHAMA tuliotoka milima hii. Suluhisho tumekua tukilitazama.

Vijito vingi vya Upare ni vidogo. Ukiruhusu mfereji utiririke tu mchana, maji yanazama njiani kabla hayajafika shamba la mwisho, na kila mtu analalamika. Wazee wakachimba ndiva: bwawa dogo la kukusanya maji, lililojengwa kwa udongo na mawe, siku hizi baadhi zimetiwa saruji. Linajaa usiku wakati hakuna anayemwagilia. Asubuhi mlango unafunguliwa na maji yanatoka kwa nguvu, yanakwenda kwa zamu iliyokubaliwa. Kule Bangalala, kwenye bonde la Makanya, kuna ndiva ya Manoo ambayo watafiti wa maji wameiandikia sana. Kuzibua mifereji na kutoa tope ni msaragambo, kazi ya wote, na asiyetokea anajua kitakachompata.

Tazama ndiva inafanya nini kihandisi. Haiongezi hata tone moja la maji. Inachobadilisha ni wakati. Inachukua mtiririko mwembamba wa saa nyingi, ambao hauna faida kwa mtu, inaugeuza kuwa mtiririko mnene wa saa chache. Kompyuta ya ghala kwenye tawi inafanya kazi hiyohiyo: inavuta masasisho usiku kwa laini nyembamba (na kwa bando la usiku), inayahifadhi, na asubuhi kompyuta nne nyingine zinachota kwa waya wa ndani ambao kasi yake ni mara mia na zaidi. Tena kwetu ni rahisi kuliko kwa mkulima. Maji yakichotwa yameisha. Kiraka kikichotwa bado kipo, na wa tano anapata kilekile alichopata wa kwanza.

Vifaa vya kufanya hivi siyo ndoto. Microsoft wana WSUS, seva ya masasisho ya ndani, kwa miaka mingi. Windows zenyewe tangu toleo la 10 zina uwezo wa kugawana vipande vya masasisho na majirani zao kwenye mtandao uleule, na ofisi nyingi hazijui hata kwamba kitu hicho kipo. Upande wa Linux kuna programu za bure za kuhifadhi vifurushi ambazo kompyuta chakavu inazibeba bila shida. Kosa ni kwamba mafunzo yanaliweka ghala kama pambo la hiari, sura ya mwisho ya kitabu, "ukiwa na matawi yenye laini hafifu". Kwetu hiyo ndiyo sura ya kwanza. Mambo ya wingu ndiyo ya hiari.

Na laini ikikata kabisa? Basi diski ipande gari. Watu wa kitabu wanacheka hapa, lakini wasubiri. Tofauti ya flashi ya fundi na diski ya ghala siyo plastiki yake, ni saini. Kila sasisho halali la Windows limetiwa saini ya kidijitali na Microsoft. Hiyo ni hesabu inayofanywa juu ya faili zima, na mtu akibadilisha hata herufi moja njiani hesabu haikubali, mashine inalikataa sasisho. Kwa hiyo diski inaweza kupita mikononi mwa kondakta, ikalala stendi, ikanyeshewa kidogo, na ikifika Mamba mashine haihitaji kumwamini kondakta. Inaamini saini. Hicho ndicho kitu kizuri kuliko vyote katika fani hii, na hakihitaji intaneti. WSUS ina hata utaratibu rasmi wa kuhamisha masasisho kwenda mtandao uliotengwa.

Kama bado unaona diski ndani ya basi ni ushamba, sikiliza ya Maersk, kampuni ya meli ambayo kontena zake zinapita Mombasa na Dar es Salaam kila siku. Tarehe 27 Juni 2017 walipigwa na NotPetya, programu ya uharibifu iliyoingia kupitia masasisho ya programu ya uhasibu ya Ukraine. Seva zao za domeini, kama 150 hivi, ambazo ndizo zinazojua nani ni nani kwenye mtandao mzima, zilifutwa pamoja, kwa sababu zilikuwa zinanakiliana na hakuna aliyewaza zote zitakufa siku moja. Ikapatikana moja tu hai. Ilikuwa Ghana, na ilipona kwa sababu umeme ulikuwa umekatika na ikawa nje ya mtandao. Kuituma data hiyo London kwa laini ya pale kungechukua siku nyingi, kwa hiyo mfanyakazi wa Ghana akasafiri hadi Nigeria kumkabidhi mwenzake diski, kwa kuwa yeye hakuwa na viza ya Uingereza, na huyo mwenzake ndiye akapanda ndege. Maersk wakafufua seva 4,000 na kompyuta 45,000 ndani ya siku 10. Mtandao wa kampuni kubwa ya meli kuliko karibu zote duniani uliokolewa na kukatika kwa umeme na diski ya mkononi.

Sisemi tufurahie umeme ukikatika. Ninasema seva moja ya domeini, au nakala rudufu moja, ikae kwa makusudi mahali ambapo amri ya kituo haifiki bila mkono wa mtu. Maersk walilipata hilo kwa bahati. Chama chetu cha kutunga kinaweza kulipanga: diski ya nakala inachomekwa Ijumaa, inachomolewa, inafungiwa kwenye kasha la fedha.

Kwa sababu hili ndilo ambalo wauzaji hawalitamki kwa sauti: ukishaunganisha kompyuta zote kwenye mlango mmoja, mwenye mlango ni mwenye vyote. Julai 2021 wahalifu waliingia kwenye Kaseya, programu inayotumiwa na mafundi wa mbali kusimamia kompyuta za wateja wao. Hawakuhangaika na ofisi mojamoja. Walitumia chombo cha kusimamia kusambaza vairasi wa fidia, na inakadiriwa biashara 800 hadi 1,500 zikafungwa. Sweden, maduka ya Coop karibu 800 yalishindwa kuuza kwa sababu mashine za kaunta zimekwama. Tarehe 19 Julai 2024 hapakuwa hata na mhalifu: CrowdStrike walituma faili moja bovu kwa mashine zote kwa mpigo, wakaliondoa baada ya dakika 78, na kompyuta milioni 8.5 zikawa zimeshaanguka. Nyingi zilitaka mtu aje, akae mbele yake, aiwashe kwa hali ya dharura, afute faili kwa mkono. Fikiria hilo kwenye chama chetu. Amri ilishuka kwa sekunde. Marekebisho yanapanda mlima kwa pikipiki.

Na ghala lenyewe lina hatari yake, nisije nikaonekana nauza ndiva. Oktoba 2025 WSUS iligunduliwa kuwa na tundu lililomruhusu mtu wa nje kuendesha amri zake ndani ya seva bila hata kuingia kwa paswedi, na Microsoft walilazimika kutoa kiraka cha dharura nje ya ratiba. Seva ya viraka ikahitaji kiraka. Waliokuwa wameiacha ikionekana kutoka intaneti ndio waliokuwa na wasiwasi wa kweli. Iliyofichwa ndani, inayoonwa na mashine za tawi tu, ilikuwa na nafuu.

Ndiva imelijibu suala la mlango muda mrefu. Haifunguliwi na kila mwenye jembe, wala na mtu mmoja akiamka na hasira. Kuna kamati, kuna zamu, na wa juu na wa chini wanajuana. Siipambi: wa juu mlimani amekuwa na nguvu kuliko wa chini siku zote, na migogoro ya maji Upareni siyo hadithi. Ndiyo sababu hasa ya kutaka mlango uwe na watu wawili. Kwenye kompyuta hilo linatafsirika moja kwa moja. Amri inayogusa mashine zote iidhinishwe na mtu wa pili. Ianze tawi moja, tuseme Hedaru kwa kuwa pako barabarani, isubiriwe siku mbili tatu, ndiyo iende kwingine, isipokuwa tundu likiwa tayari linashambuliwa. Akaunti ya kutoa amri isiwe ileile ya kusomea barua pepe. Na kila mashine iwe na paswedi yake ya admini, tofauti na ya jirani. Microsoft wanatoa chombo cha kufanya hivyo bila malipo ya ziada tangu 2015, sioni kisingizio.

Wafanyakazi nao waambiwe kituo kinaona nini kwenye mashine zao. Upareni watu hawana mchezo na amri ambayo hesabu yake imefichwa. Mgomo wa kodi ya mbiru, ulioanza 1945, haukuwa wa kukataa kodi. Ulikuwa wa kukataa kupimiwa kodi kwa kipimo wasichokielewa. Karani wa Mamba akihisi kwamba Same wanasoma kioo chake, atachomoa waya wa mtandao. Na mashine iliyochomolewa waya haivuti amri.

Turudi basi kwenye siku 14, kwa sababu hii ndiyo namba ninayoigombania zaidi. Kanuni inahesabu siku za kalenda. Kompyuta ya tawi dogo inaishi kwa siku za kuwashwa. Ikizimwa mwezi mzima, siku ya 15 ripoti ya kituo inaonyesha rangi nyekundu ingawa mashine iliyozimwa haishambuliwi na mtu. Hatari yake inaanza dakika inapowashwa: ina matundu ya mwezi mzima, na kitu cha kwanza inachofanya ni kuunganishwa na wenzake na kuchomekwa flashi. Kalenda imepiga kelele wakati wa amani, ikatoa kipimo kilekile wakati wa vita. Mimi ningepima kitu kingine: tangu mashine iwashwe, ilikaa saa ngapi ikifanya kazi za chama kabla ya kupata viraka vyake? Mashine iliyolala muda mrefu ipite mapokezi kwanza. Ione ghala la tawi tu, ivute, ijiwashe upya, ndipo ifunguliwe mlango wa daftari la wanachama. Swichi na ruta nyingi za ofisi zinaweza kutenga hivyo. Na kwa sababu ghala liko palepale tawini, mapokezi hayo ni ya dakika, siyo ya siku.

Kuna kadude kengine ambako hakuna kitabu kimekatilia maanani. Kompyuta zetu nyingi za mezani ni mitumba, na betri ile ndogo ya duara inayotunza saa ndani yake imekufa zamani. Umeme ukikatika, mashine inaamka ikidhani ni mwaka 2009. Kuanzia hapo kila cheti cha usalama inachoonyeshwa na seva kinaonekana hakijaanza kutumika, masasisho hayashuki, na utambulisho wa domeini, ambao kwa kawaida hauvumilii tofauti ya saa inayozidi dakika 5, unaweza kumkataa mtumiaji halali. Karani anasema "mtandao unasumbua". Mtandao hauna shida. Betri ndiyo ya kubadilisha, na ingepaswa kuwa mstari wa kwanza kwenye orodha ya ukaguzi wa usalama wa tawi, juu ya antivairasi.

Linabaki la hela, na hapa lawama inakwenda kwa mwenye bidhaa. Septemba 2024 Microsoft walitangaza kwamba WSUS haitaongezewa kitu kipya. Itaendelea kufanya kazi, lakini njia wanayoielekeza ni ya wingu. Tarehe 14 Oktoba 2025 wakafunga masasisho ya kawaida ya Windows 10. Windows 11 nayo inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0 na prosesa za miaka ya karibuni, kwa hiyo mitumba mingi haifuzu. Taasisi inayotaka kubaki na Windows 10 inalipia dola 61 kwa kila mashine mwaka wa kwanza, bei inaongezeka mara mbili kila mwaka, kwa miaka mitatu. Kwa mashine 40 za chama chetu ni dola 2,440 mwaka wa kwanza na dola 17,080 kwa yote mitatu. Kwa fedha hiyo ya jumla unanunua kompyuta nyingine, tena siyo chache.

Kwa hiyo isilipiwe kwa zote. Zile za kaunta na za mikopo, zinazogusa daftari, zibadilishwe kwanza, hata zikiwa kumi tu mwaka huu. Za kuandikia barua na kuchapisha fomu zinaweza kuhamia Linux, na ghala lilelile la tawi likazihudumia. Nyingine zikae nje ya mtandao wa daftari kabisa. Na moja kati ya zile kuukuu, yenye diski kubwa kuliko wenzake, isitupwe: itiwe betri mpya ya saa, iwekewe Linux, ipelekwe Mamba ikawe ndiva.